Mikakao ya Shika Adabu

Jumapili, Chaani. Mawingu tangu alfajiri, na mvua haikunyesha.

Leo nimekwenda shambani Shika Adabu, mara ya kwanza tangu tumzike Salim, mume wangu. Mavyaa, mamake Salim, alinipigia simu juzi. Shemeji zangu wanataka kuing'oa mikakao wapande mihogo, ila yeye hataki iguswe bila ya idhini yangu.

Nilivuka feri na jibu langu tayari. Ing'olewe.

Nikiri hapa: niliichukia miti ile. Salim aliileta ikiwa miche, watu wakamcheka. Kila siku yake ya mapumziko alikwenda kuimwagilia maji, mimi nikibaki peke yangu.

Mavyaa aliitikia shikamoo yangu, akanishika mkono tukaingia kati ya mikakao. Mle ndani kuna kivuli cha kijani, kama uko chini ya maji. Majani makavu yamelala ardhini, laini, hata hatua zetu hazikusikika. Nilisahau nilichokuja kusema. Matunda ya manjano yameota kwenye shina lenyewe, kama mtu kayabandika.

Akalipasua moja. Ndani mna kokwa zilizovikwa nyama nyeupe.

"Fyonza tu, usitafune."

Tamu, na ukali kidogo, kama stafeli. Nikatafuna hata hivyo. Chungu, wallahi! Mavyaa akacheka.

"Salim hakuwahi kuyaonja," akasema. "Ilipochanua alikuwa hospitali. Nilimpelekea ua moja, dogo kama ukucha. Wewe ulikuwa umekwenda nyumbani kuoga. Akaniambia, mpe mke wangu, mwambie shamba hili nimempandia yeye. Ua likaninyaukia mkononi. Nikaona haya kukupa kitu kilichokufa. Nisamehe, mwanangu."

Sikulia. Nilikaa kwenye yale majani, kokwa zikiniteleza vidoleni, sijui kwa muda gani.

Shemeji mkubwa alipokuja kuuliza, nilimwambia haing'olewi hata mmoja.

"Na nani ataitunza?"

"Mimi. Kila Jumapili, inshallah."

Sijawahi kuotesha hata mchicha.

Mavyaa ameahidi kunifunza kupogoa. Nitajifunza. Lakini usiku huu swali moja halinitoki: Salim, ni mangapi mengine uliyonipandia, nami nikadhani unanikimbia?