Meno ya Mwaitu na Mhuri wa Naibu wa Chifu

Kwa sanduku la posta la kanisa,
Ikutha, Kitui.
12 Septemba 1993

Mpendwa ndugu yangu Musembi,

Pokea salamu nyingi huko Kitale kwenye baridi. Kile kikohozi ulichotuandikia habari zake kilikuachilia? Unakula vizuri? Una blanketi la maana? Nauliza kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba isiyo na taa, maana hii ni barua yangu ya nne tangu ulipotuandikia mara ya mwisho mwaka wa themanini na tisa, na hukujibu hata moja. Lakini adabu ni adabu, hali ya mtu lazima iulizwe kwanza.

Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Jonah mume wangu anatembea na fimbo tangu mwezi wa pili, lakini anatembea. Kasyoka, yule uliyemwacha nikiwa nimembeba mgongoni, sasa yuko darasa la tano na anajibizana na watu wazima kama wewe ulivyokuwa. Mvua ya Novemba ilinyesha siku tatu halafu ikajuta. Tunakula mwolyo, mahindi ya msaada, na ukiyasaga unga wake unanuka gunia. Mbuzi wamebaki wanne.

Kuhusu kipande chako cha shamba upande wa mto, usiwe na wasiwasi. Hakuna aliyekigusa. Hakina hata cha kuguswa.

Sasa nikuambie jambo lililonikalisha chini kukuandikia. Ni meno ya Mwaitu. Usicheke. Najua ulikuwa ukisema mama yetu anaweza kung'ata msumari ukapinda. Unakumbuka anavyosuka kiondo: ncha moja ya uzi wa mkonge mkononi, ncha nyingine kwenye meno, anavuta mpaka mishipa ya shingo inasimama. Ndiyo maana viondo vyake vilibeba unga bila kumwaga hata chembe, na wanawake wa sokoni walikuwa wakivitambua kwa kuvigusa tu.

Mwaka jana nilimkuta anakaza uzi kwa vidole vya mguu. Nikamuuliza kulikoni, akasema meno yamechoka. Nilipomlazimisha afungue mdomo, fizi zilikuwa zimevimba na kuwa nyekundu kama nyama mbichi, na meno mawili ya mbele yalikuwa yanacheza. Alikuwa anatoka damu hata akinywa uji. Tulijaribu maji ya chumvi. Tulijaribu majani aliyoleta jirani, mama yake Ndolo, ambayo yalimchoma ulimi na kufanya hiyo kazi tu.

Mwezi wa nne tukaenda hospitali ya serikali. Huko tulimkuta binti mmoja anaitwa Nthenya, ambaye kazi yake ni kusafisha meno ya watu. Mimi sikujua kama kuna mtu anaisomea kazi hiyo. Ana mkono mwepesi, na hakutugombeza hata mara moja kwa kuchelewa. Alinieleza kwamba uchafu ukikauka chini ya fizi unakuwa mgumu kama jiwe, unakula fizi, kisha unakula mfupa unaoshika jino. Akiutoa, ugonjwa unasimama. Haupoi kama malaria ukasahau. Unasimama tu pale ulipofika, na mgonjwa lazima arudi kila miezi mitatu usije ukaamka tena.

Mimi nilikuwa nimefunga pesa zangu kwenye leso nikidhani nitalipa mara moja tuende nyumbani. Kumbe tangu ije hii kosti-sheringi kila mlango una risiti yake. Kadi, ulipe. Kuangaliwa, ulipe. Picha ya taya, ulipe. Kusafisha kwenyewe wanaugawa mdomo mara nne, kila robo na siku yake, na kila robo ulipe. Wanasema ni kugawana gharama na serikali. Upande wetu niliuona vizuri sana. Wa serikali nilikuwa bado nautafuta tulipofika nyumbani.

Nilimuuliza Nthenya, na kung'oa je? Akashusha sauti, akasema kung'oa ni pesa kidogo, mara moja, na inafanyika leo leo. Akaniambia watu wengi wanachagua hivyo, wanang'oa meno ambayo yangekaa miaka ishirini, kwa sababu kuliokoa jino ni ghali kuliko kulitupa. Nikamwambia hiyo ni hesabu ya wazimu. Akasema yeye hakuipanga. Ni kweli, masikini, yeye alikuwa na kile kichuma chake cha kukwangulia meno tu.

Niliuza mbuzi nikalipa robo ya kwanza. Ndugu yangu, baada ya wiki mbili upande ule wa juu kulia uliacha kutoka damu kabisa. Mwaitu akarudi kuimba kanisani, ingawa na leso mdomoni. Nilifurahi kupita kiasi, nikawa namwambia kila mtu habari za fizi kama mhubiri mpya. Hizo ndizo siku za mwisho nilizokuwa na matumaini.

Zilibaki robo tatu, na mbuzi hatungeweza kuwauza wote. Nthenya ndiye aliyenidokezea kwamba mtu asiyejiweza anaweza kupewa msamaha wa malipo akileta barua kutoka kwa chifu. Nikaenda kwa Mutiso. Sasa yeye ndiye naibu wa chifu hapa kwetu, yule mliyekuwa mkicheza naye mpira, na tumbo amelipata.

Mutiso ana karatasi ya maswali. Mgonjwa ana mazao ya kuuza? Hana. Ana mume? Baba yetu, Mzee Nzioka, alikufa, unajua. Ana mtoto wa kiume aliye mtu mzima? Hapo akainua kalamu akaniangalia. "Kalunde, nikiandika ako na kijana ya kazi, hiyo msamaha hawapeani. Watasema kijana alipe."

Nilizifikiria barua zangu tatu. Nilimfikiria Mwaitu akivuta uzi kwa vidole vya mguu. Kisha nikasema, andika alikufa. Mutiso alikataa, akasema mambo kama hayo hayaandikwi. Nikamwambia kama unajua alipo nionyeshe, niende leo nikamwite alipe. Akaandika, akapiga mhuri.

Ndiyo, Musembi. Mimi dada yako wa tumbo moja nilikuua kwenye karatasi ili mama yetu asafishwe meno. Unajua vizuri nilichofanya. Kwetu mtu hatamki kifo cha aliye hai hata kwa mzaha. Tena wewe una jina la babu, na Mwaitu hajawahi kukuita ovyo, hata ulipomvunjia chungu, kwa kuwa kukuita wewe ni kumwita baba mkwe wake. Kwa hiyo niliwazika wawili kwa kalamu moja. Nilijifariji kwamba karatasi itaingia kwenye faili na mama hatajua, maana hajui kusoma.

Mwezi wa saba tukarudi hospitali. Karani wa malipo ni mama mmoja mpole, na mimi simlaumu kamwe. Aliisoma ile barua yote, akavua miwani, akatoka nyuma ya meza akamshika Mwaitu mkono. "Pole sana mama kwa huyo kijana yako. Mungu akupatie nguvu."

Mwaitu akauliza ni kijana gani. Karani akamsomea jina lako lote, na la baba.

Sauti aliyotoa siwezi kuiandika. Alikaa chini sakafuni, na foleni nzima ikageuka. Nilipiga magoti mbele yake nikasema ni uongo, Mwaitu, ni mimi niliyesema hivyo kwa ajili ya malipo, Musembi yuko hai. Aliniangalia kwa huruma kubwa, mimi, akaniuliza, "Kalunde, umejua tangu lini?"

Hapo ndipo aliposhika na hajaachilia hadi leo. Anaamini nilipata habari za kifo chako, nikamficha, na serikali ndiyo iliyonifichua. Nilimleta Mutiso akakiri mbele yake huku jasho likimtoka. Nikamleta mchungaji. Anatusikiliza wote, anatupikia chai, anatushukuru kwa kumfariji. Mimi ni mwanawe tu, na karatasi ina mhuri. Na ile miaka minne ya kimya chako inakubaliana na karatasi.

Msamaha ulitoka. Nilikuwa karibu kusahau kukuambia. Robo zote tatu bila malipo, cheti chenyewe kiko hapa mezani ninapoandikia. Mwaitu hataki hata kukitazama. Anasema meno yaliyolipiwa kwa kifo cha mwanawe atayatumia kula nini. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikalia, na mimi unajua silii ovyo. Nthenya mwenyewe alimwomba siku ile ile, kiti kiko tayari, dakika chache tu mama. Alikaza midomo akatikisa kichwa.

Amenyoa nywele kama mfiwa. Tarehe kumi ya mwezi wa nane jino la mbele lilitoka lenyewe akinywa uji, na la pili limelifuata wiki iliyopita. Mengine ya chini yameanza kucheza. Nilimpelekea Nthenya ujumbe, akajibu kwamba mfupa ukishaisha hakuna tena cha kusafisha, na kwamba nimlete mgonjwa upesi. Nimlete vipi? Kile kiondo alichokianza kimetundikwa nusu, na ameugawa mkonge wote kwa majirani. Hata ile robo tuliyoilipia imeanza tena kutoka damu, maana ule muda wa kurudi umepita.

Sikuombi pesa. Pesa sasa hazina pa kuingilia. Nilikuwa nimefikiria kukuomba barua, lakini ni nani atakayemsomea ila mimi, na atasema nimeitunga. Ungekuja mwenyewe usimame uani akuone, labda angefungua mdomo. Nasema labda. Meno yaliyokwenda hayatarudi hata ukija na gari.

Ameomba kanisa limfanyie ibada ya kukuaga. Mchungaji alikataa mara mbili, na mara ya tatu akakubali, kwa kuwa naye sasa hajui ni nani kati yetu anayesema kweli. Ni Jumamosi tarehe pili Oktoba. Nimepangiwa kusema maneno ya familia.

Jonah anakusalimu sana. Kasyoka anakusalimu na anauliza wewe ni mrefu kiasi gani. Mama yake Ndolo anakusalimu, na Mutiso anaomba msamaha wako. Mwaitu hana salamu, kwa sababu sijamwambia ninakuandikia.

Bwana akufunike popote alipokuweka, na akulinde na kikohozi. Kama uko hai, njoo kabla ya tarehe hiyo, hata kwa miguu, hata kama una aibu ya miaka minne. Na kama hauko, basi mimi sikumdanganya mama yetu. Mungu anisamehe, ndugu yangu, kuna siku najikuta natamani iwe hivyo.

Wako akupendaye, hata baada ya hayo,
dada yako,
Kalunde