Motere Nyeupe Itakayompeleka Astrida Likasi

Kambi ya wavuvi, ziwa la Lufira, upande wa Likasi

Kwako dada mkubwa, yaya yangu Honorine, huko Moba,

Nakusalimu kwa mikono miwili, yaya. Goti lako limekubali kukuacha ulale? Na paa la nyumba ya mama, lile lililochukuliwa na upepo, mmelirudisha au bado mko chini ya turubai? Mimi niko. Mabega bado yapo, ingawa bukari ya unga wa mahindi imekuwa ya kuonja tu. Na kabla moyo wako haujaanza kukimbia, nakwambia sasa hivi: Astrida binti yako yuko mzima. Amekaa hapa mbele yangu anamenya mihogo, ananicheka eti naandika herufi kubwa kama mtu anayeandika ukutani. Lakini tumbo lake limeshuka, yaya. Hilo ndilo jambo lililonikalisha chini niandike. Usiiache barua katikati hata nikipita njia ndefu, unanijua.

Kwetu Shituru, pale Likasi, kumekuwa kimya. Kiwanda kile kilichokuwa kikinguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini, sasa unasikia kuku wa jirani akijikuna. Mshahara walitusahau, halafu na mfuko wa unga wakausahau. Vijana wamekwenda Kakanda kuchimba mawe kwa nyundo. Mimi nikasema, mkono huu uliofufua motere ambazo wazungu walikuwa wamekwisha kuzililia, hautachimba kama panya. Unakumbuka yule Mbelgiji wa karakana aliyekuwa akinituma niweke sikio kwenye mashine niseme inaumwa wapi? Siku moja niliweka sikio kwenye motere kubwa kama nyumba yako, nikamwambia, "Hii itakufa Jumatano." Ikafa Jumanne jioni. Akasema nimekosea. Nikamwambia hapana, bwana, imeniogopa ikawahi.

Basi nikashuka huku ziwani kwa mkwe wetu Kabwe, mume wa Astrida, anayevua. Nimevua na mimi. Juzi nilishika kambale aliyevuta mtumbwi mpaka tukampita mtu aliyekuwa na makasia mawili. Kabwe alikuwepo, ingawa anakataa.

Sasa sikiliza. Mtoto wa kwanza wa Astrida unajua alivyotoka, kwa kisu, hospitalini Likasi. Yule daktari alituambia waziwazi: mimba ya pili asije akaizalia porini, uchungu ukianza awe tayari yuko karibu na hospitali, maana mshono wa zamani unaweza kufunguka ndani. Nasi tuko wapi? Nyuma yetu matete na matope mpaka kiunoni, mwanaume anapita, mja mzito hapiti. Mbele yetu maji. Ng'ambo ndiko kuna bandari ndogo ambako malori ya samaki yanapakia kwenda Likasi. Kwa kasia unatoka alfajiri na jua linazama hujafika, na upepo wa mchana ukiamka unakurudisha ulikotoka. Chombo chenye motere ni kimoja tu. Ni cha kikundi cha maombi cha Pasta Ngoy, na fundi wake ni mimi Mkatoliki. Motere yenyewe ni ya mazuti, mafuta ya malori, imezeeka kuliko Kabwe, na ule mkono wa chuma wa kuizungushia kwa nguvu ulipotea kabla sijafika. Inawaka kwa ufunguo na batri, ama haiwaki.

Ilikuwa inawaka. Halafu wakaibariki.

Usicheke, yaya, jambo hili lilikuwa zuri. Wamama wa kikundi walisema huwezi kumpa Mungu chombo chenye kutu. Mmoja wao mume wake alikuwa na kopo la rangi nyeupe la kiwandani, ile nzito ya kupakwa mashine. Wakaipaka motere yote, wakafungua kila kilichofunguka ili wapake na chini yake, wakarudisha, wakafunga kwa nguvu kama wanafunga mzigo wa lori. Iling'aa kama meno ya bibi harusi. Tukaimba, Pasta akaomba, tukala samaki. Mimi nilikuwa Likasi siku walipopaka, nilirudi siku ya kuimba tu.

Siku iliyofuata Astrida akashika kiuno. Akaniita mimi mjomba wake, "Yomba, inaniuma huku chini." Nilimbeba mimi mwenyewe mpaka chomboni, Kabwe akakimbia nyuma na godoro. Nikageuza ufunguo.

Tak.

Basi. Tak moja, kama mtu anayegonga mlango halafu anakimbia. Nikageuza tena. Tak. Wamama wakaanza kuomba kwa sauti, Kabwe akaanza kunipigia kelele, na Astrida amelala pale anaangalia mbingu, jasho linamtoka puani, ananiuliza polepole, "Itawaka, yomba?" Nikamwambia, "Motere gani imewahi kunikatalia mimi?" Nikageuza tena, tak ile ile. Maumivu yalikwisha yenyewe, mama mkunga wa hapa akasema ni uchungu wa uongo. Lakini tangu siku ile sijalala vizuri.

Nilianza na batri, kama kila mtu angeanza. Niliivusha matope kichwani, nikaifunga nyuma ya baiskeli mpaka Likasi, wakaichaji. Fikiria kichekesho hicho: maji haya haya tunayoyaelea ndiyo yanashuka kuzungusha mashine za bwawani Koni na kutoa umeme, na sisi juu yake tunabeba batri kwa baiskeli kwenda kuuomba umeme mjini, tena tunasubiri mpaka urudi! Nilirudi na batri imejaa. Tak.

Nikashusha demareri, ile motere ndogo inayozungusha kubwa. Nikaifungua juu ya mkeka, nikasafisha kwa kitambaa vile vipande vya makaa vinavyoipa umeme, nikaiweka chini, nikagusisha nyaya za batri moja kwa moja. Ikazunguka kwa wazimu, ikaruka ikamfukuza mbuzi wa Mama Chantal, mkubwa wa wamama wa kikundi. Nzima kabisa. Nikairudisha mahali pake. Tak.

Hapo maneno yakaanza. Wavuvi wa chini wakasema kuna mtu ametupa dawa ya uchawi majini. Mama Chantal akatangaza kufunga kula. Kabwe akaja kwangu amekunja uso.

"Yomba, weye ulisema uko fundi."

"Minye niko fundi. Weye uko muvuvi na jana ulirudi na nyavu tupu, nilikuuliza kitu?"

"Bibi yangu iko na mimba, yomba. Samaki itarudi kesho. Yeye atarudi?"

Yaya, niliokota ufunguo wangu wa bolti nikarudi kwenye motere.

Nikakaa chomboni peke yangu asubuhi, nikawasha taa ndogo iliyofungwa kwenye batri, nikageuza ufunguo huku naitazama. Batri ikiwa imechoka, taa ingezimia wakati demareri inavuta. Haikutikisika hata kidogo. Nikajiuliza, batri imejaa, kwa nini demareri haili? Chakula kimejaa mezani na hakuna anayekula? Umeme, yaya, ni kama mtu anayekwenda sokoni, lazima awe na njia ya kwenda na njia ya kurudi nyumbani. Njia ya kwenda nilikuwa nimeipapasa yote. Ya kurudi ni waya mmoja mnene unaotoka kwenye mwili wa motere mpaka batri, sisi tunauita masi. Ulikuwepo, umefungwa vizuri, bolti imekaza. Sikuwa nimeushuku. Nikachukua waya mwingine mnene, upande mmoja kwenye batri, upande wa pili nikaukandamiza kwenye chuma kitupu cha demareri, nikamwita Kabwe aje ageuze.

Ikawaka! Moshi ukatoka, bata wote wa ziwa wakaruka, nami nikapiga kelele ambayo naamini mliisikia Moba.

Kambi nzima ikaja mbio, tukaizima. Nikafungua ile bolti ya masi, na chini ya waya nikaona nini? Rangi. Nyeupe, nene, laini, imekaa kati ya waya na chuma kama godoro. Umeme kidogo ulikuwa unapenya kwenye bolti, wa kutosha kugonga tak, lakini ule mwingi wa kuzungusha motere ulifika pale ukakuta mlango umefungwa.

Nikatoa kisu. Mama Chantal akanishika mkono.

"Weye, Donat, uko unafanya nini?"

"Niko nakwangua, mama."

"Hiyo rangi iliombewa! Unataka kusema baraka ya Mungu ndiyo ilizima motere?"

"Mama, baraka ni ya Mungu. Rangi ni ya kiwanda."

"Unaona! Wakatoliki hawa!"

Kama Pasta asingekuwepo ningekuwa bado nabishana mpaka leo. Yeye aliinama akatazama pale chini ya bolti, akamtazama Astrida aliyekuwa amekaa ukingoni na miguu yake imevimba kama maboga. Akasema, "Mama Chantal, tulichoombea ni safari, si rangi. Donat, kwangua." Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa juani, pakubwa kama kiganja cha mtoto, nikasafisha na ncha ya waya, nikafunga. Motere ikawaka nilipogeuza ufunguo mara moja tu. Mama Chantal akaimba kuliko wote, nami sikumuuliza kitu.

Ningependa barua iishie hapo, yaya, nijisifu nilale. Lakini juu ya demareri kuna kikopo, na ndani yake kuna vipande viwili vya shaba vinavyoshikana ukigeuza ufunguo. Zile siku zote za tak tak vimeungua, vimeliwa na moto. Mara vinashikana, mara vinakataa. Nimevigeuza upande wa pili, nimevipiga tupa. Nimezunguka Likasi yote, kutoka sokoni mpaka nyuma ya stesheni, kutafuta vingine. Mji mzima umekaa juu ya shaba, shaba yetu imekwenda dunia nzima, na vipande viwili vidogo kama vifungo vya shati hakuna aliyenavyo. Jana ilikataa mara mbili, ikawaka ya tatu baada ya mimi kukigonga kikopo na ufunguo wa bolti. Leo asubuhi ilikataa mpaka nikaacha kuhesabu.

Ndiyo maana naogopa. Si ziwa ninaloogopa, ziwa hili tunaheshimiana. Naogopa siku ile uchungu wa kweli utakapokuja, nigeuze ufunguo, nisikie tak, na mtoto wako amelala pale ananitazama.

Kabwe anasema tungoje samaki wakauke ili waende nao Likasi kuuza. Nimemwambia samaki hawana mshono. Tumepigana maneno tangu jana. Astrida aliendelea na mihogo yake. Sasa hivi, yaya, wakati naandika mstari huu, ameweka kisu chini amesema, "Kabwe, samaki utaleta weye. Yomba, enda ujaribu motere. Ikiwaka, minye napanda leo, na weye usiizime mpaka ng'ambo." Ni sauti yako kabisa. Hata mkono kiunoni ni wako. Ngoja niende.

Yaya, ni mimi tena. Imewaka. Ilikataa, ikakataa, nikaongea nayo maneno ambayo Pasta hakupaswa kusikia, ikawaka. Siizimi. Astrida amelala kwenye godoro, mama mkunga yuko naye, Kabwe analeta mtungi wa maji na uso wa mtu aliyeshindwa lakini anasukuma chombo kuliko wote. Astrida akifika mjini atakaa kwa mke wangu Shituru, hatua chache na hospitali, hata kama ni majuma mawili ya kungoja. Barua nampa dereva mwingine wa lori ng'ambo, anayekwenda Pweto, kutoka hapo itapata mtu wa Moba.

Nisalimie mama yetu, umwambie nakula vizuri. Nisalimie shemeji Laurent mume wako, na kaka Sylvestre mkubwa wetu, ile hadithi ya kambale msomee polepole. Nisalimie shangazi Bernadette anayefundisha katekisimu, aombe, hata wa Pasta Ngoy wanaomba, tusiangalie nani anasikika kwanza. Mtoto wa Astrida wa kwanza yuko na mke wangu, anasoma, mkaidi.

Ukiona mwandiko huu wa mwisho unatetemeka, yaya, usifikiri vibaya juu ya mdogo wako. Naandika juu ya goti langu, na goti liko juu ya motere.

Ni mimi mdogo wako,
Donat, fundi