Sakafu ya Chumba cha Dada Mwanaidi

Tunduma, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, nakwambia wewe kwanza: tangu nije kusoma huku nina rafiki mmoja tu, na si mwanafunzi mwenzangu. Ni dada Mwanaidi, fundi cherehani anayetembelea magongo. Ukiuliza kama nimezoea huwa najibu ndiyo, lakini aliyenizoesha ni yeye. Nikitoka shule namsomea hadithi huku akishona, na nikinyamaza anasema, "Endelea, mwalimu, sindano inasinzia."

Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha. Mgongo wako unaendeleaje? Na Baba, bado anakwenda kwenye mashamba ya chumvi na nyayo zile zilizopasuka? Dereva wa lori anayeleta barua hii nimempa mafuta ya kumpaka Baba.

Mama mdogo amemaliza vile vyumba viwili vya uani. Mwanzoni alitaka kuwapangisha madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia. Halafu dada Mwanaidi akaambiwa ahame, mwenye nyumba wake anataka kufungua duka. Kila alikokwenda kuuliza chumba alikuta ngazi, au mtu anayetazama magongo kabla hajaitikia salamu. Nilimweleza Mama mdogo tukiosha vyombo, kwa sauti ndogo. Akafikiri, kisha akasema, "Basi madereva waende zao. Vyumba hivi ni vya watu kama yeye. Tena akinikimbia na kodi, nitamkamata kabla hajafika kona."

Dada Mwanaidi alipoambiwa alicheka mpaka akasimamisha cherehani. "Mwambie nikishika ule mteremko wa sokoni hanipati."

Fundi Simbeye akaweka mteremko wa saruji badala ya ngazi, milango mipana, na chooni kiti cha mbao na bomba la kushikia. Mama mdogo hakumpa nafasi ya kupumua.

"Mama, nusu ya mji huu nimeijenga mimi," fundi akalalamika.

"Umewajengea wenye miguu miwili. Shika mwiko."

Sasa, wewe unamjua mdogo wako na sakafu. Baada ya fundi kuondoka alipiga magoti akapaka polishi nyekundu chumba kizima kwa mikono yake, akasugua kwa brashi mpaka dirisha likaonekana chini kama kwenye maji. Hakutaka nimsaidie. Alisema mpangaji wake wa kwanza lazima aone kwamba alikuwa anangojwa.

Dada Mwanaidi akaja kukitazama. Mama mdogo alikuwa amempa mgongo, anafungua dirisha. Gongo lilipogusa ile sakafu likateleza, naye akadaka fremu ya mlango. Niliona mimi peke yangu. Akabaki palepale mlangoni, akasema, "Chumba kizuri, Mama. Acha nifikirie kwanza." Akaondoka.

"Afikirie nini?" Mama mdogo akaniuliza. "Kumbe na yeye anaringa."

Nilimfuata dada Mwanaidi. Akaniambia, "Uliona mikono yake? Myekundu mpaka kwenye viwiko. Mtu amekupigia magoti hivyo, utamwambia ameharibu? Bora nirudi kwa kaka yangu Tabora."

Tangu hapo wamenuniana. Dada Mwanaidi ameanza kufunga vitambaa vyake, na Mama mdogo anasema kesho atamwita dereva mmoja aje akione chumba. Mama, mimi sijui mtu anamwambiaje mkubwa wake kwamba jambo alilolifanya kwa upendo linamuumiza mwenzake. Ungekuwa hapa ungesema wewe.

Nisalimie Baba, na Bibi ambaye najua atataka asomewe barua hii mara mbili, na mdogo wangu Ombeni anayechunga mbuzi wangu. Mwambie nawakumbuka kwa rangi zao.

Mama, nimeacha kalamu hapo nikaenda jikoni. Mama mdogo alikuwa anachambua maharage.

"Mama mdogo, gongo liliteleza."

"Gongo gani?"

"La dada Mwanaidi, siku ile. Polishi inateleza. Hakuringa. Aliona mikono yako akashindwa kusema."

Akatazama mikono yake. "Na wewe ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa naogopa."

"Unaniogopa mimi?"

Akasogeza ungo pembeni. "Chemsha maji."

Tumesugua pamoja kwa maji ya moto, sabuni ya unga na mchanga, mpaka saruji ikawa inakwaruza. Nikaenda kumwita dada Mwanaidi. Aliweka gongo moja ndani, akalikandamiza, akaweka la pili, akatembea mpaka dirishani na kurudi.

"Sasa fikiria upesi," Mama mdogo akamwambia, "magoti yangu yamekwisha."

"Nimeshafikiria, Mama."

Nimekwenda kuichukua cherehani yake, nikaibeba kichwani mpaka uani, nikaiweka chini ya dirisha.

Mwanao akupendaye,
Faraja