Gari Lililorudi Nyuma Bila Mlio

MAELEZO YA SHAHIDI: AJALI NDANI YA UA WA NYUMBA

Jina: Mama Sare, ndivyo ninavyojulikana na wote.
Umri: Miaka arobaini na mitatu.
Kazi: Fundi cherehani, nashona sare za shule.
Makazi: Nyuma ya kiwanda cha mikate, nyumba yenye geti la kijani.

Aliyeumia ni baba yangu mzazi. Aliyekuwa anaendesha ni mdogo wangu wa kiume, mwalimu wa sekondari. Sote watatu tunaishi pamoja. Afande ameniambia nieleze niliyoyaona tu, lakini nisipoanza na habari ya kununua gari mtadhani mdogo wangu ni mzembe, na si mzembe.

Baba aliendesha malori mpaka presha ya macho ilipompofusha. Haoni kabisa, lakini hajawahi kukubali kushikwa mkono. Getini, bombani, chooni, anafika mwenyewe kwa kusikiliza. Gari la jirani likipita nje anakuambia plagi zimechoka, na kweli zimechoka. Asubuhi huweka kigoda chake kwenye saruji nyuma ya gari letu, maana ndipo jua linapoanzia. Gari la zamani likiwashwa lilinguruma mpaka sufuria zikatikisika jikoni, basi Baba anabeba kigoda chake anasogea ukutani. Hakuna aliyewahi kumwambia asogee.

Gari hilo lilikuwa linabugia petroli kama halina akili nzuri, na mwaka huu likaanza kutuzimikia njiani. Mdogo wangu alitaka tununue gari dogo la kawaida ambalo fundi yeyote analijua. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania haibridi. Alisema betri ile kubwa ikichoka tutatafuta fundi kwa tochi. Nikamwambia aache woga, kwenye foleni lile linatembea kwa umeme na petroli inapumzika. Nikishika jambo siachii, nyumbani wananijua. Tulipimisha betri, tukakagua matairi, tukaulizia vipuri. Tulijiona wajanja kweli.

Tulilileta Jumamosi. Baba alipapasa boneti, akaingia, akakaa kiti cha mbele. Akasema, "Haya, liwashe." Mdogo wangu akamjibu kwamba limeshawaka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Baba naye akacheka kidogo, akashuka.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa kwenye cherehani yangu dirishani. Mdogo wangu aliaga, akaingia garini kwenda kazini. Baba alikuwa amekaa kigodani, na kigoda ni kifupi, kioo hakikionyeshi. Miaka yote mdogo wangu akianza kurudi nyuma Baba huwa ameshasogea. Niliona taa za nyuma zinawaka. Nikasubiri Baba asogee. Nilisubiri tu, afande. Mdomo ninao, watu wote wanajua ninao, na siku hiyo sikuutumia.

Gari lilisukuma kigoda, Baba akaanguka kwa ubavu. Nilipofika nje mdogo wangu alikuwa ameshamwinua kichwa, anarudia, "Baba, ni mimi, ni mimi." Tulimpeleka hospitali kwa gari hilo hilo. Nyonga imevunjika.

Jioni nilibaki naye wodini. Akaniuliza, "Niambie kweli, mwanangu. Na masikio nayo yameondoka?"

Nikamweleza kwamba gari halina mlio, hata sisi hatulisikii. Alinipapasa mkono kama anayembembeleza mtoto. Akasema nisimfiche, yeye ameishi na magari, hakuna gari linalotembea bila kusikika. Akasema alishajua tangu Jumamosi, tulipocheka, kwamba sote tunasikia isipokuwa yeye. Niliapa. Hakuniamini. Kisha akaniambia akitoka tumtafutie mtu wa kumshika mkono.

Mdogo wangu anataka gari liuzwe. Baba amekataa, anasema gari halina kosa. Mimi naomba iandikwe kwamba gari nililichagua mimi, na kwamba niliona na sikupiga kelele.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa, nimeona ni sawa na nilivyosema, na ninaweka sahihi bila kulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Shahidi alilia mara mbili, tukasimama kidogo, tukaendelea. Baada ya hapo nilikwenda wodini kumhoji majeruhi. Wagonjwa wa jirani walikuwa wamelala, hivyo niliuliza maswali yote kwa kunong'ona. Hakuniomba nirudie hata moja. Nilipomwambia hivyo, alisema nasema tu kwa kumwonea huruma.