Saa Tisa Alasiri Nyumbani kwa Colin

Mtaa wa Hallett, namba 12,
Kadina, Australia Kusini.
9 Mei 2023

Mpendwa binamu yangu Jenifer,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Na goti lako je, limekubali kupanda ngazi au bado unashuka kinyumenyume? Mimi mzima, isipokuwa sauti, ambayo nimeimaliza kwa kubishana na halmashauri juu ya maktaba. Mvua ya kwanza imenyesha, wakulima wamepanda ngano, na mji mzima umekuwa mpole kwa siku mbili.

Uliniuliza habari za mdogo wangu Colin. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na la kukueleza lisilo la aibu. Baada ya mama kufariki na yeye kuhamia kwenye ile nyumba ya watu wanne wenye ulemavu, alianza kurusha vitu. Birika, sahani, siku moja kiti. Unamkumbuka: hasemi neno, lakini hakuwahi kuwa mtu wa fujo. Wafanyakazi wakalifunga jiko kwa kufuli, na daktari akaandika kidonge cha kumtuliza. Mtu wa miaka arobaini na tisa, aliyezoea kujipikia chai, akawa anashinda kwenye kochi, mate yakimtoka.

Na karatasi ya kuruhusu kidonge hicho, Jenifer, niliitia sahihi mimi. Mimi niliyejaza magazeti miaka ishirini nikipinga watu kufungiwa na kuleweshwa kwa dawa! Niliambiwa ni kwa usalama wake. Nilikuwa nimechoka, nikasaini.

Ruhusa ile ilikuwa ya miezi sita. Ilipokaribia kwisha, Februari, akaja mtaalamu wa tabia kuandika mpango mpya, msichana anaitwa Anneliese Noske. Nilimpokea vibaya.

"Binti, umekuja kumfundisha mdogo wangu adabu?"

"Hapana, mama. Nimekuja kujua anasema nini."

"Hasemi."

"Birika likirushwa, hapo kuna mtu anasema."

Nilimchukia wiki nzima, maana jibu lake lilikuwa zuri kuliko langu.

Alikaa pale wiki tatu na daftari. Kila kitu kikirushwa, aliandika ni saa ngapi, nani yupo, nini kilitangulia, nini kilifuata. Matukio kumi na manne, na kumi na mawili yalitokea mara tu baada ya saa tisa alasiri. Saa tisa ndipo wafanyakazi wanapopokezana zamu. Anayeondoka husimama jikoni akamsomea anayeingia mambo ya siku: Col kajikojolea, Col kagoma kuoga, Col leo balaa tupu. Na Colin yuko palepale mlangoni, anasikia kila neno. Wewe ungefanyaje? Mimi ningerusha jiko lenyewe.

Wale wafanyakazi si watu wabaya, na nakiri hilo kwa shingo upande. Lakini sote tulikuwa tunauliza tutamzuiaje, na mtu akishaanza na swali hilo, kufuli na kidonge viko mlangoni vinamsubiri. Anneliese alianza kwa kuuliza nini kinamuumiza. Tofauti ni hiyo tu, na ni kubwa kuliko hospitali.

Basi ikaitwa kikao: daktari, Anneliese, Colin, mimi, na Trevor, msimamizi wa nyumba. Trevor alitaka kufuli libaki, kwa tahadhari. Nikasimama. Unanijua nikisimama. Dakika kumi nikahutubia juu ya haki za Colin, Colin hivi, Colin vile, nikamwaga na siri zake ambazo hakuna aliyeniuliza. Anneliese alikuwa amempa kadi nyekundu yenye maana ya "acha". Colin akainuka, akazunguka meza, akanibandika kadi ile puani.

Trevor akaangua kicheko. "Lorna, kumbe swichi ya kukuzima iko puani!"

Nikaketi. Colin akamshika Trevor mkono wa shati, akamvuta hadi mlango wa jiko, akaligonga kufuli mara mbili. Hakuhitajika mkalimani. Safari hii karatasi ya kidonge sikuisaini. Daktari alikubali kupunguza kidonge kidogo kidogo, na Trevor mwenyewe akatoa ufunguo, akaliondoa kufuli.

Siku hizi wafanyakazi wanapokezana zamu kwa maandishi, ofisini, mlango umefungwa. Colin ndiye anayempokea anayeingia. Humwonyesha picha za siku yake kwenye simu, alizozichagua mwenyewe, nyingi zikiwa za mbwa wa jirani, kisha huweka birika jikoni. Kwa wiki sita amerusha kitu mara moja tu, kikombe cha plastiki. Kidonge kimebaki nusu. Mimi nilitaka kiishe jana, daktari anasema mwili unahitaji muda, na kwa mara ya kwanza maishani namsikiliza daktari. Uso wa Colin umerudi, Jenifer. Ananifanyia tena zile nyuso za kunikejeli.

Nisalimie Mjomba Jory, na Tamsin na wale mapacha wake. Waambie wasimwandikie Colin kupitia kwangu. Wamtumie picha moja kwa moja.

Jana nilimsomea Colin barua hii, kwani Anneliese aliniuliza kama huwa naomba ruhusa yake kabla ya kuandika habari zake. Miaka ishirini sikuwahi. Alisikiliza yote, akacheka pale pa Trevor. Lakini kulikuwa na aya kuhusu wiki ile ya mazishi ya mama. Akaifunika kwa mkono, na hakuuondoa mpaka nilipoleta mkasi. Kwa hiyo tundu unaloliona ukurasa wa pili si panya. Usiniulize palikuwa na nini. Ni pake.

Mungu akulinde wewe na goti lako.

Ndimi nikupendaye, mwenye maneno mengi kama kawaida,
Lorna