Mama Amesifu Managu, na Mpishi Ni Mimi

Shangazi Adero,

Pokea salamu kutoka Lanet hapa Nakuru, na unihurumie, kwa maana nimejiingiza mahali sioni mlango wa kutokea. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na ushee, fundi wa malori katika gereji moja ya mjini, nimeoa mke mzuri anayeitwa Wangeci, mzaliwa wa Kinangop, naye ni keshia wa supamaketi, na mwaka huu Mungu ametupa binti tukamwita Jepkoech kwa sababu alizaliwa kunapambazuka. Alizaliwa kwa upasuaji, daktari akasema mama asiinue kitu kizito wala asisimame sana, basi mama mkwe akaja na njahi zake, yale maharagwe meusi ya mzazi, na uji wake, akamlisha binti yake vizuri, lakini viazi vya kuvunwa havingoji mtu, ikabidi arudi kwake, na hapo ndipo njaa ilipoingia kwetu. Si njaa ya kukosa, Shangazi, ni njaa ya watu wawili wasiolala, kila mmoja akingoja mwenzake aoshe sufuria.

Tulikula chipsi, tukala smoki, zile soseji za kando ya barabara, tukala mkate na chai, mpaka siku Wangeci alipokwenda kliniki na nesi akamvuta kope la chini, akamwambia damu imepungua, na kama anataka kunyonyesha na arudi kazini akiwa mzima basi ale mboga za majani kila siku, si za kuonja. Alirudi nyumbani akilia. "Weldon, hiyo mboga nitapika saa ngapi?" akasema. "Huyu mtoto nikimweka chini analia, nikimshika sina mkono." Nikaingia jikoni.

Sasa uelewe, kwetu mwanamume haingii jikoni. Mimi ni mtu wa Kuresoi, na marehemu baba akinikuta karibu na jiko alikuwa ananifukuza na fimbo, ananiuliza kama natafuta kuolewa. Kwa hiyo nilijifunza peke yangu nikiwa mtu mzima, nikaanza na managu kwa sababu ndiyo mboga niliyoikumbuka ladha yake tangu utotoni. Nanunua kwa Mama Bravin, mama mboga wa hapa ploti, akiniuliza nasema nimetumwa. Navuta pazia, natokosa mboga sufuria nzima, namwaga yale maji machungu, natia maziwa, naiacha ichemke polepole halafu naihifadhi mpaka kesho yake, na hapo ni kupasha tu, hata mtu mwenye mtoto mkononi anaweza. Siku nyingine ni mchicha wa terere na karoti, siku nyingine malenge na ndengu. Mtu akibisha hodi, navua aproni naitupa nyuma ya mtungi wa gesi.

Na imefaa, siwezi kudanganya. Wangeci amerudi rangi yake, nesi amemsifu, mtoto ananyonya anashiba. Mimi mwenyewe nimeipenda hii kazi, maana nikitoka gereji na kelele zake, nikishika kisu na karoti, moyo unatulia.

Shida ilianza mama yangu alipokuja kumwona mjukuu. Nilikuwa nimepika managu jana yake, Wangeci akampakulia na ugali, akaanza kula. Mara akavuta kutoka mdomoni kijiti kirefu cha managu ambacho sikukitoa wakati wa kuchambua, akakitazama, akakiweka ukingoni mwa sahani. Mimi nikaona aibu, nikajua sasa atamkemea mke wangu. Badala yake akanitazama mimi, akauliza, "Hii mboga nani alipika?"

Nikajibu hata hajafunga mdomo: "Ni Wangeci, Mama."

Akageuka, akamwambia mke wangu, "Asante sana, mama Jepkoech. Hata kwetu huko, hakuna msichana anapika hivi." Akaomba sahani ya pili. Na wakati wa kuondoka akatoa kibuyu cha maziwa alichotuletea, akanipa mimi mkononi, akasema, "Hii ni ya mboga. Weka mingi, usiogope." Nikamwambia nitamfikishia Wangeci ujumbe.

Wiki hii amepiga simu. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja na akina mama wa kanisa lake kumshukuria Mungu kwa ajili ya mtoto, na ameshawaambia wote kwamba watakula managu ya mke wa Weldon. Baada ya hapo wenzake watarudi, yeye atakaa nasi mwezi mzima amsaidie Wangeci anayerudi kazini.

Nilipomwambia Wangeci, aliweka mtoto kitandani, akasimama. "Mimi kwetu managu tunaponda na viazi kwa mukimo ama tunakaanga na nyanya. Hii yenu ya maziwa sijui hata inaanzia wapi," akasema. "Na huo mwezi mzima utapikia wapi, bafuni?" Nikamwambia tutapanga. Akasema, "Mimi sina hasira juu ya mboga, baba Jepkoech. Nakasirika nikishukuriwa kitu umefanya wewe, na wewe umekaa hapo kama mgeni. Ama umwambie mamako ukweli, ama mimi na mtoto tunaenda Kinangop."

Begi ameshalitoa juu ya kabati. Ndugu yangu Micah akijua atasema nimekaliwa chapati, yaani mke amenirogea chakula, na nitaitwa jina hilo mpaka nizeeke, na mama, ambaye aliolewa na mwanamume wa sawasawa, atadhani amezaa kitu gani? Nimewaza niagize chakula hoteli moja ya Milimani nikimimine kwenye sufuria zetu, au nipike usiku nifiche, au tuseme Wangeci ameungua mkono. Niambie lipi ni nafuu, nisipoteze mke wala mama.

Weldon, Lanet

SHANGAZI ADERO ANAJIBU

Weldon mwanangu, barua yako imenikuta mezani na nimechelewa kumaliza chakula kwa sababu yako. Nilianza kwa kucheka, nikafika kwa yule nesi nikaacha, maana najua wanawake wangapi wanaambiwa damu yao imepungua na nyumbani hakuna anayeinuka. Wewe uliinuka. Kwa hilo nakupa mkono, na ungekuwa karibu ningekupa na soda.

Sasa tuongee. Mchana unaingia chini ya lori, unafungua giaboksi, huogopi likikuangukia. Jioni ukisikia hodi unatupa aproni nyuma ya mtungi wa gesi, tena kitambaa karibu na moto, unataka kuchoma watoto wa watu? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa, sasa unaficha nini?

Msikilize mkeo vizuri, kwa sababu nadhani ulisikia begi tu. Hakusema amechoka na mama yako. Hakusema amechoka na mboga. Amesema anakasirika akivalishwa sifa isiyo yake, mbele ya mama mkwe, na wewe umetulia. Kesho akina mama wa Kuresoi watamwomba aonyeshe anavyotia maziwa, naye atasimama jikoni kwake hajui ashike nini. Ulifikiri unamjengea jina, kumbe umemchimbia shimo. Kuungua mkono, hoteli ya Milimani, hayo yote yatupe. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumamosi.

Tena hebu nikuulize kitu. Mimi ni mtu wa ziwani, nimeolewa nikaletwa huku Nakuru nikazeeka huku. Kwetu managu tunaiita osuga na tunaitia maziwa kama nyinyi, kwa hiyo kwa mboga hii huwezi kunidanganya. Mama yako anajua mkwe wake ni msichana wa Kinangop. Anajua Kinangop managu inapondwa na viazi. Amekaa mezani, ameonja mboga yenye ladha ya jiko lake mwenyewe, imelala usiku mmoja kama inavyotakiwa, halafu akauliza nani amepika. Alimuuliza nani? Wewe. Kibuyu cha maziwa alimpa nani? Wewe. Nani aliambiwa aweke mingi asiogope? Mwanamke aliyefundishwa kuchambua managu anachuma jani na ncha laini, kijiti anatupa. Kile kijiti kirefu ni kazi ya mtu mwenye haraka aliyejifunza peke yake nyuma ya pazia. Mama yako alikitazama akakuona wewe, Weldon. Alikuwa anakufungulia mlango, nawe ukasema utamfikishia Wangeci ujumbe. Nilipofika hapo nilishika kichwa.

Basi fanya hivi. Leo, usingoje kesho, mpigie mama yako simu, Wangeci akiwa amekaa kando yako anasikia. Sema sentensi moja: ile managu nilipika mimi. Usianze na hadithi ya daktari na nesi, hiyo itafuata akiuliza. Ukimaliza, mwombe mkeo msamaha, na begi ulirudishe juu ya kabati kwa mkono wako. Micah akikuita uliyekaliwa chapati, mwalike chakula, umpe na sahani aoshe.

Na huo mwezi wa mama yako usiuogope, utumie. Wangeci akirudi kazini ndipo mtajua kazi ni nini, na kupika mchana na usiku hamtaweza. Jumapili mtoto akilala, mmoja aoshe mboga za siku mbili tatu, azikaushe maji, azifunge kwa kitambaa safi. Mama Bravin akukatie sukuma siku ile ile unayopika, asikukatie ya wiki nzima ikanyauka. Ndengu na maharagwe chemsha mengi kwa mara moja, gawa kwenye mikebe, weka kwenye friji, na kama hamna friji basi pika ya siku mbili, usizidishe. Hata hiyo managu yenu ya maziwa, kulala usiku mmoja kwenye baridi ya Nakuru ni sawa, lakini ikifika siku ya tatu usimpe mama anayenyonyesha, mwaga. Malenge usimenye, kata vipande, weka juu ya mchele unapokauka, vitaiva pamoja na utaosha sufuria moja. Sukuma iguse moto tu, tafadhali, watu wa huku mnapika sukuma mpaka inasahau ilikuwa ya kijani. Kamulia ndimu juu ya ndengu na mboga, itamsaidia Wangeci na ile damu. Mtoto akifikisha miezi sita, toa kipande cha malenge kabla hujatia chumvi, ukiponde laini, hicho ndicho chakula chake, hakuna haja ya kupika mara mbili. Na siku mmechoka wote, kuleni mayai na nyanya na mlale, hakuna atakayewafunga.

Nilipomaliza kuandika niliona kwamba Jumamosi yenyewe ingefika kabla ya gazeti, nikampigia Weldon nikamsomea yote. Akasema, "Sawa, Shangazi." Jana ameniletea ujumbe, na ameniruhusu niuweke hapa, nami nauacha kama alivyouandika.

"Shangazi, nilipiga simu Wangeci akiwa hapa. Nikasema, Mama, ile managu nilipika mimi. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akaniambia kwa lugha yetu kwamba alijua tangu alipokiona kile kijiti. Akasema nilipozaliwa alikuwa hajiwezi, na aliyempikia mboga ni baba, mlango ukiwa umefungwa, na vijiti vyake vilikuwa virefu hivyo hivyo. Mama mkwe wake alimsifu Mama kwa mboga ile mpaka akaingia kaburini.

Nikamuuliza, sasa kwa nini Baba alikuwa ananifukuza jikoni na fimbo? Akasema, 'Alikuwa anaogopa utamwona yeye jikoni, halafu useme.'

Shangazi, nilikaa chini. Miaka yote hiyo nilidhani mzee ananikataza, kumbe alikuwa anajificha kama mimi. Wangeci alilia kidogo, halafu akacheka, na begi nimelirudisha. Mama amesema wale akina mama waje tu, hakuna kilichobadilika ila mpishi. Ameniambia, 'Jumamosi utapika wewe, pazia likiwa wazi, na mimi nitakaa hapo kando yako nikutolee vijiti.'"