Nani Anaiuza Vumbi Jekundu

Alhamisi, 3 Julai 2025

Bahari Moto wametupiga! Haiwezekani. Tulikubaliana tuzunguke nyuma ya ghala. Tunafika — wametukalia palepale, bunduki tayari, kama tumewapa miadi. Anaclet kafa wa kwanza, Deborah wa pili. Mimi nimekufa nikiwa bado natukana.

Ni mechi ya kwanza kati ya tano, ligi ya mchezo wa vita wa kwenye simu. Wakishinda tatu, Vumbi Jekundu nje ya ligi.

Hii siyo bahati. Mtu anawapa mipango. Maana hawa ni watu wa Dar, Kasulu yenyewe hawajui iko wapi. Maiki yangu naiacha wazi makusudi, hata wao wanisikie ninavyowachamba, na mipango tunaitaja kwa Kiha. Akili yangu hiyo, na naringa nayo! Wataokota nini kwenye Kiha?

Basi ni mtu wa ndani. Klani yetu ina watu wanne. Nikijitoa mimi, wamebaki watatu.

Ijumaa, 4 Julai

Dukani vumbi tupu, wateja hakuna. Nimekaa nafuta makava ya simu, namuwaza Aksanti, mmoja wa hao watatu.

Yuko kambi ya wakimbizi, Nyarugusu, anauza sabuni na vitenge. Mkongomani, Kiha hakijui. Kila mechi lazima aulize: yaya Adija (yaya kwao ni dada), munasema nini? Anaclet anamwandikia pembeni kwa Kiswahili. Sasa hayo maandishi yanaishia wapi? Mh!

Na jingine. Mechi ikiisha anawaandikia Bahari Moto: bravo, mumecheza muzuri. Jana pia! Nani anampongeza aliyemchinja? Zamani nilisema ana roho nzuri. Leo nasema ana lake jambo.

Jumapili, 6 Julai

Nimemtega. Nimemkataza Anaclet kumtafsiria, mpango nimeutaja kwa Kiha, harakaharaka — tupite darajani. Aksanti akabaki anatufuata nyuma kama mgeni kwenye msiba asiyemjua marehemu.

Na bado! Bahari Moto hao chini ya daraja, wanatusubiri. Mbili bila.

Anaclet kanipigia kutoka Kibondo. Umeona sasa, kijana hakuambiwa kitu, basi siyo yeye. Nikamjibu: basi Kiha anakijua, anajifanya! Miaka yote hiyo amezungukwa na Waha, asijue? Anaclet akacheka, halafu akakata simu.

Kwa nini alikata? Huyu naye huenda kambini kutengeneza redio za watu. Anakula fufu yao huko. Nitamwangalia na yeye.

Jumanne, 8 Julai

Nimeitisha kikao Ijumaa jioni. Aksanti atoke kabla ya mechi ya tatu. Vumbi Jekundu mtu hatolewi kwa kubonyeza tu kitufe. Tunaingia hewani wote, naye akiwepo, kila mmoja anasema kwa mdomo wake abaki au atoke. Kapteni, yaani mimi, anasema mwisho. Mmoja tu akikataa, hatoki.

Deborah alikuwa Makere anapura maharage, kaacha akanipigia. Una uhakika, dada? Ninao, nikasema.

Sina. Ila kapteni akisema hana, nani atamsikiliza tena?

Alhamisi, 10 Julai

Aksanti katuma sauti. Hakunilaumu. Anasema: "Yaya, miye huku sitoke bila kibali. Ni na nyinyi tu niko natoka, mangaribi. Kama nilikosea, uniambie kosa."

Yaani kucheza na sisi jioni ndiyo kutoka kwake. Nimeisikiliza mara mbili. Ya pili ikaniuma kidogo. Nikajiambia, huyu anajua kujiliza! Nikarudi kwenye makava yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Niandike haraka, kikao kinaendelea, simu iko hapa mezani inaongea.

Kabla hatujaanza, ujumbe uliingia. Kapteni wa Bahari Moto! Jina lake hasa Niyonzima. Nanukuu: "Dada Adija, mipango yenu tunaisikia kwako. Maiki yako inasikika kwa wote. Niko Dar kikazi, kwetu Mabamba, Kibondo, Kiha nimenyonya. Jumapili ulisema Deborah atangulie darajani, wewe ubaki majanini. Wenzangu watanichukia, lakini kushinda hivi hakuna raha. Ifunge, tucheze."

Nikasema uongo! Fitina! Anataka kumwokoa mtu wake. Halafu nikasoma tena. Deborah atangulie, mimi nibaki majanini. Hivyohivyo. Maneno yangu mwenyewe.

Mungu wangu. Siku zote hizo ni mimi.

Nilitaka niwaambie palepale, wameshaingia wote. Lakini Deborah akawahi: atoke, namwamini kapteni. Nikasema moyoni Anaclet atakataa, Anaclet hawezi, basi itaishia hapo na mimi nitanyamaza. Anaclet akashusha pumzi. Akasema roho yake haitaki, lakini kama Adija amehakikisha, basi atoke.

Amehakikisha!

Aksanti naye kapewa nafasi. Hakujitetea. Kasema tu, kesho tumtafute mwenye kulinda kushoto, maana Deborah upande ule haoni vizuri, na yeye Aksanti ndiye huwa anamkingia.

Sasa zamu yangu. Nikisema abaki, wataniuliza kwa nini. Nikisema kwa nini — kapteni gani huyo, amewauza wenzake kwa mdomo wake halafu amemsingizia mkimbizi? Nikisema atoke, hakuna atakayejua. Niyonzima tu.

Naandika tu. Wananiita. Kapteni, upo? Dada Adija? Anaclet anasema labda nimekata simu, Deborah anasema basi tuhesabu kura yangu ni atoke, tulale.

Aksanti ndiye anayewakatalia. Anasema: "Hapana, mumungoje. Yaya hawezi kunyamaza hivi bure. Ni rezo ya Kasulu inamusumbua."

Mtandao uko sawa. Uko sawa kabisa.